Gogo Lisioze Ukilitazama: Maswali Yenu Kuhusu Kupasua Mbao Nyumbani

Barua nyingi za msimu huu zimetoka Malindi na Amu, yaani mji wa Lamu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mti umeangushwa mtaani, gogo ni zuri, mwenyewe amesema chukua, nifanyeje nipate mbao badala ya kuni? Kabla ya kujibu moja moja, tuseme hili kwa wote. Gogo haliharibiwi na msumeno. Huharibika kati ya siku lilipoanguka na siku lilipopasuliwa, na kwa joto la pwani yetu muda huo ni wa siku, si wa miezi.

Mwembe umelala wiki mbili

*Assalaam aleikum, mafundi. Jirani ameangusha mwembe mkongwe apate nafasi ya kujenga. Shina lina urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 hivi. Limelala uani wiki mbili sasa. Ncha zote mbili zimeingia weusi wa kibuluu, na juu ya gome naona unga mweupe. Bado ni mbao, au nimwachie mwenye tanuri? – Msomaji wa Barani, Malindi*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Bado ni mbao, ila usilale nalo wiki nyingine.

Mwembe hauna kiini cha kujikinga kama mbambakofi. Shina karibu lote ni chakula, limejaa wanga na sukari. Weusi wa kibuluu ni kuvu inayoingia kupitia ncha zilizokatwa na mahali gome lilipochubuka. Haipunguzi nguvu ya mbao. Hubadilisha rangi tu, na kwenye sinia au meza michirizi yake hupendeza. Cha kuogopa ni uozo unaofuata nyuma yake. Chukua bisibisi nyembamba, ichome kwenye ncha ya gogo. Ikigoma baada ya milimita 2 au 3, mti ni mzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, hapo pameoza. Kata kipande cha sentimita 10 kila upande, jaribu tena, na uendelee kurudi nyuma mpaka bisibisi igome.

Sasa huo unga. Utazame kwa karibu, maana wadudu ni wa aina mbili na dawa zao si moja. Ukiona tundu jembamba kama la sindano, kingo zake zimefanya weusi, na unga umesimama nje kama kijiti cheupe kinachovunjika ukikigusa, huyo ni mdudu wa magogo mabichi. Anaishi kwa unyevu; mbao ikikauka naye amekwisha, yabaki matundu tu. Lakini unga ukiwa laini kabisa kama wa ngano, na ukimiminika ukigonga mti, huyo ni dumuzi wa mbao kavu. Yeye hula wanga, na atakula mwaka huu na mwaka ujao ndani ya meza uliyokwisha kuipaka vanishi. Kwa mwembe, mchukulie kuwa yupo hata kama hujamwona.

Fanya hivi. Leo hii paka ncha mbili rangi ya maji nzito, mara mbili, uingie sentimita 5 juu ya gome. Gogo hukauka haraka zaidi kupitia ncha, na ndiyo sababu nyufa huanzia huko. Ondoa gome lote kwa shoka au tezo, kwa kuwa chini ya gome ndipo wadudu wanapotagia. Pasua ndani ya siku chache. Mbao zikiwa bado mbichi, zipake dawa: lita 10 za maji ya moto, gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki, ukoroge mpaka maji yawe meupe angavu bila chenga chini. Nyunyiza pande zote kwa bomba, zipange zikilaliana, zifunike kwa nailoni siku 7, kisha ndipo uzianike. Dawa hii husafiri ndani ya mbao kwa njia ya unyevu, kwa hiyo ukiipaka kwenye mbao kavu hubaki juu juu tu. Mvua huiosha, basi ni ya samani za ndani, si ya benchi la bustani. Vaa glavu, na weka ndoo mbali na watoto na mbuzi.

Jambo moja zaidi: mwembe na mkanju ni jamaa moja, na utomvu wao huwasha. Vaa mikono mirefu, na usijifute uso kwa mkono wenye utomvu.

Magogo hupatikana wapi, na misumari je?

*Mafundi, nataka kuanza na mwarobaini kwa kuwa umejaa Malindi nzima. Nayapataje magogo bila kununua? Na je, ni kweli miti ya mtaani ina misumari? – Msomaji wa Maweni, Malindi*

Mwarobaini ni chaguo zuri. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, kiini chake ni chekundu cha kahawia, unakubali msasa na unang'aa. Wachonga vinyago wa hapa Malindi waliuhamia baada ya muhugu kuadimika. Kasoro yake ni umbo: shina fupi, lina panda, na nyuzi zake hupishana, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, hata randa huunyofoa upande mmoja wa ubao na kuusugua vizuri upande mwingine.

Magogo yako kwa watu wanaoukata mti kwa sababu nyingine kabisa: anayejenga, mwenye hoteli anayeogopa tawi juu ya makuti, wakataji wa matawi chini ya nyaya za umeme, na miti inayong'olewa na upepo wakati wa kusi. Ongea nao kabla msumeno haujawashwa. Mkataji asiyeambiwa neno atakatakata shina vipande vya futi moja moja vya kuni, na hapo hata bure ni ghali. Mwombe aache shina zima, au alikate kwa mita 2 na nusu ukiongeza sentimita 15, kwa kuwa hizo 15 utazitupa pamoja na nyufa. Mlipie muda wake wa ziada. Ni nafuu kuliko mbao za duka.

Tawi lililoota kwa kulala usilitamani, hata likiwa nene. Upande wake mmoja ulikuwa umebeba uzito na mwingine umevutwa, na mbao zake zitapinda ukiwa bado unazipasua.

Kabla ya kukata na kabla ya kupakia kwenye kenta, pita ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS. Kusafirisha magogo au mbao barabarani kunataka kibali, hata kama mti ulikuwa wa uani kwako, na polisi wa kizuizini hataangalia kama wewe ni fundi wa kujifurahisha. Ukipewa gogo la muhugu au mbambakofi kwa bei ya kutupa bila karatasi, liache. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo karibu na Gede, na kila mtu anajua magogo hayo hutoka wapi.

Misumari ipo, tena mingi. Mti wa mtaani umebeba bango, kamba ya kuanikia nguo, waya wa seng'enge, ndoano ya taa ya harusi. Mingi huwa kati ya nusu mita na mita 2 kutoka chini. Mti huumeza msumari na gome hufunga juu yake, lakini huacha alama: gome limekunjamana kama kitovu. Ukishakata ncha, tafuta doa la kibuluu-cheusi lililonyooka kama mkia, likifuata nyuzi. Hilo si kuvu. Ni chuma kinachojibizana na maji ya mti, na mwisho wa mkia huo ndipo msumari ulipo. Wenye kifaa cha kutafutia chuma wakipitishe kila upande. Asiye nacho apasue kwa cheni kuukuu mpaka apite eneo hilo.

Pawa inakata mawimbi

*Salaam kwenu. Nimenunua fremu ya kupasulia, ile inayofungwa kwenye msumeno wa mnyororo, yaani pawa. Mbao zinatoka na mawimbi, zingine nene upande mmoja, na upanga, ule ubapa ambao mnyororo huuzunguka, unapata moto hadi unabadilika rangi. Nimefanya kosa gani? – Msomaji wa Mpeketoni, Lamu*

Makosa yako pengine ni matatu kwa pamoja, na la kwanza ni cheni.

Cheni inayouzwa dukani imenolewa kukatiza mti. Kila jino limelazwa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Ukiitumia kufuata urefu wa gogo huchimba na kuvuta, injini inalia, upanga unachemka. Cheni ya kupasulia ina pembe ya digrii 10 tu. Huna haja ya kununua nyingine: ya kwako inoe upya kwa tupa ya mviringo, polepole, ukirudisha pembe kidogo kidogo kila unaponoa. Kwa cheni ya kipimo cha inchi 3/8 tumia tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kulingana na kiwanda kilichoitengeneza. Kila jino lipewe mipigo sawa. Meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia, msumeno utapanda au kushuka upande mmoja kwa upole usiouona, na ndiyo mbao zako nene upande mmoja. Kile kinundu kilicho mbele ya kila jino nacho kishuke milimita 0.65 chini ya ncha ya jino, kwa kipimo, si kwa jicho. Kikishuka zaidi, jino linang'ata kupita nguvu ya injini. Kikibaki juu, jino linasugua tu.

Soma vumbi. Kupasua kwa urefu hutoa vumbi dogo kuliko kukatiza, lakini liwe la chengachenga kama unga wa dona. Likigeuka kama unga wa ngano, cheni imekufa, zima unoe. Kwa mwarobaini tegemea kunoa kila unapomaliza tangi moja la mafuta.

Moto wa upanga husababishwa pia na uhaba wa oili. Gogo pana linataka oili ya cheni nyingi kuliko kuni za kawaida. Fungua kidhibiti cha oili mpaka mwisho, safisha mfereji wa upanga kwa waya, na usimimine oili chafu ya gari: ina chembe za chuma, na huacha mstari mweusi kwenye ubao usiotoka kwa msasa. Petroli ichanganye kama kitabu cha mashine kinavyosema. Misumeno mingi ya sasa ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita. Injini ya kupasulia hufanya kazi ya kukata roho kwa dakika nyingi mfululizo, basi baada ya kila ubao iache ingurume taratibu nusu dakika kabla ya kuzima. Na injini iwe na ukubwa wa kutosha: kwa gogo la zaidi ya nusu mita, chini ya sentimita 70 za ujazo utaichosha. Upanga nao uzidi upana wa gogo kwa sentimita 10 hadi 15, kwa sababu fremu inakula nafasi.

Mawimbi sasa. Fremu hufuata ilichokalia. Ubao wa kwanza ukipinda, wote hadi wa mwisho utapinda vilevile, kwa hiyo muda wako utumie hapo. Liinue gogo kwenye vipande viwili vya mbao, lizuie kwa kabari lisibingirike. Upande mwembamba uinue mpaka moyo wa mti, ile nukta laini ya katikati, uwe na kimo kimoja ncha zote mbili. Juu yake funga ubao wa inchi 2 kwa 8 ulionyooka kweli, au ngazi ya alumini, ukitazama kwa uzi na timazi ya maji. Skrubu zisizame zaidi ya unene wa ganda utakalolitoa. Wengi wameharibu cheni kwa skrubu waliyoifunga wenyewe asubuhi. Kisha gogo zima, pamoja na ubao huo wa juu, lilaze likiteremka kidogo kuelekea unakokwenda, uzito wa mashine ujivute wenyewe. Usisukume, na usisimame katikati, maana kila kituo ni wimbi. Ukisogea kila nusu mita, ingiza kabari nyembamba nyuma ili ubao usibane upanga.

Unene: kwa ubao utakaomaliza milimita 25, pasua 32, kwa 50, pasua 60. Cheni hula milimita 10 kila inapopita. Katika gogo lenye sentimita 40 za kutumika utapata mbao 9 za milimita 32. Msumeno wa utepe, unaokula milimita 3, ungekupa 11. Ndiyo gharama ya pawa, na faida yake ni kwamba unaenda nayo alipolala mti. Moyo wenyewe usiuweke ndani ya ubao mzuri. Utenge kipande cha katikati cha sentimita 8 au 10, kifanye miguu ya benchi, kwa kuwa ubao wenye moyo utapasuka tu.

Miwani, vizibo vya masikio, viatu vigumu, na barakoa nzuri: vumbi la mwarobaini huchoma pua na koo. Usipasue peke yako.

Punda watatu na gogo moja

*Hamjambo. Niko Langoni, Amu. Nimepewa shina la mwembe shambani huko nyuma ya mji, ukubwa wa mita 3 kwa sentimita 60. Watu wangapi wa kulibeba? – Msomaji wa Langoni*

Hatujambo. Usilibebe. Gogo hilo bichi lina karibu kilo 800, na vichochoro vya mjini havikujengwa kwa mzigo huo. Peleka msumeno shambani. Ubao mmoja wa mita 3, upana sentimita 30, unene milimita 32, una kilo 27 hivi ukiwa mbichi. Punda hubeba miwili, mmoja kila ubavu, akapita. Ukiweza uzianike hukohuko shambani mwezi mmoja, uzito unapungua sana.

Kuanika kisiwani

*Mafundi, mbao zangu nilizianika darini kwenye jua kali wakati wa kaskazi. Baada ya wiki tatu zina nyufa ndogondogo usoni na zimejikunja kama vigae. Jua si ndilo linalokausha? – Msomaji wa Shela, Lamu*

Upepo ndio unaokausha, jua linaunguza. Jua likipiga uso wa ubao mbichi, uso hukauka na kutaka kusinyaa huku ndani bado kumejaa maji na hakusogei. Uso ukashindwa, ukapasuka. Kujikunja ni vivyo hivyo, upande wa juu ulitangulia wa chini.

Dari lenyewe zuri, lakini liwe na makuti juu. Kivuli cha makuti chenye pande wazi ni mahali pazuri kuliko chumba chochote. Pandisha mbao sentimita 40 kutoka chini kwa matofali, mchwa wasipate njia na hewa ipite. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya milimita 25 kwa 25, vyote unene mmoja. Kwa mwembe na mwarobaini viwe kila sentimita 40, na kimoja kila mwisho kabisa wa ubao. Vijiti vipangwe wima, cha juu juu ya cha chini. Kikitoka mstarini hata kidogo, uzito utakandamiza ubao penye uwazi na utaukausha ukiwa umepinda hivyo. Usitumie fito mbichi za mkoko, maji ya gome lake huacha mistari myekundu. Elekeza rundo upepo upite kati ya mbao ubavuni, si kuingilia ncha. Juu kabisa weka mawe ya tumbawe, mazito, kila penye kijiti.

Ukipasua kuelekea masika, wasiwasi ni ukungu: tumia vijiti vya milimita 30 na acha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Wakati wa kaskazi wasiwasi ni nyufa: funika pande kwa gunia wiki mbili za kwanza.

Utajuaje zimekauka? Kata kipande kidogo, nusu mita kutoka ncha. Kipime kwa mizani ya jikoni, tuseme gramu 120. Kiweke kwenye oveni ya digrii 103 mpaka uzito ukome kushuka, tuseme 104. Tofauti ni 16. Gawanya kwa 104, ni asilimia 15. Kwetu pwani mbao ya kivulini hutua kati ya 14 na 16, na haitashuka zaidi hata ungoje miaka miwili. Mbao za milimita 25 kwa kawaida hufika hapo katika miezi 3 au 4, zilizo nene huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Ila meza ikienda kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, au Nairobi, itashuka hadi 10 au 11, na ubao wa sentimita 30 utapungua milimita 3 hadi 4. Uso wa meza usiugundishe kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu zenye tundu refu upate kusogea.

Elmu kutoka Uingereza

*Shemeji yangu yuko Uingereza, amepata magogo mawili ya mti uitwao elmu uliokufa kwa ugonjwa. Anataka kupasua na kuniletea mbao za meza. Ni mti gani huo? – Msomaji wa Mkomani, Lamu*

Ni mti mzuri, na tabia yake utaitambua. Nyuzi zake hupishana kama za mwarobaini, kwa hiyo haukubali kupasuliwa kwa shoka. Ndiyo maana Waingereza waliutumia kwa vitovu vya magurudumu na makalio ya viti, ambako mti mwingine ungepasuka. Ukikaa majini daima hauozi haraka, hata wakaufanya mikuku ya meli na mabomba ya maji. Ugonjwa ulioua mamilioni ya miti hiyo huko tangu miaka ya 1970 ni kuvu inayobebwa na mbawakavu wa gome. Haudhuru ubora wa mbao, ila gome hubeba mdudu.

Mwambie aondoe gome lote na aliharibu palepale bila kulihamisha. Apake ncha siku hiyohiyo, apasue, aanike kwa vijiti kila sentimita 30 hadi 40 na uzito mkubwa juu, kwa kuwa elmu hupinda kuliko miti mingi. Kwa hali ya hewa ya huko inchi moja ya unene hutaka mwaka mzima. Kabla hajasafirisha chochote, wewe upate kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, na mbao zisiwe na hata ukanda wa gome ukingoni. Na ikifika Amu, meza hiyo iweke juu ya sakafu kavu: elmu haina kinga yoyote kwa mchwa.

Mnazi uliokoma kuzaa

*Je, mnazi nao hutoa mbao? – Msomaji wa Mambrui*

Hutoa, lakini si kama mti. Ugumu uko nje, ndani ni sponji. Tumia nusu ya chini ya shina la mnazi mzee, pasua shina robo nne, kisha kutoka kila robo toa ukanda wa nje wa sentimita 5 hadi 8 ambako nukta nyeusi zimebanana. Katikati tupa kwenye mbolea. Meno ya msumeno yataisha haraka, chukua cheni mbili. Paka dawa ileile ya boraksi siku hiyohiyo, maana sukari yake huvuta kuvu usiku mmoja tu.